Mkumbukeni Mmiliki wa Pili: Barua ya Wazi kwa Wanaounda Mashine Ijayo ya Gemu ya Mkononi

Kwa wahandisi na wakuu wa Sony, Nintendo, Valve, Microsoft na AMD,

Niko Landless, mtaa ulio kando ya barabara ya Garissa ukishapita Makongeni kutoka mjini Thika, Kenya. Kazi yangu ni kutengeneza simu. Mashine za gemu nazo huletwa mezani pangu, kwa sababu hapa mtaani anayejua kufungua simu huletewa kila kitu chenye betri. Nawaandikia kuhusu mashine ambayo bado hamjaitangaza: ile ya mkononi itakayorithi hizi zilizopo sokoni sasa. Vijana wanaokaa jioni kwenye benchi nje ya kibanda changu wameshaanza kuibishania. Wanabishana kama nguvu yake itafika ya PS5, na itakuja na GB ngapi. Nami nina makisio yangu kuhusu yote mawili, na nina ombi ambalo ni kubwa kuliko makisio hayo.

Uvumi una misingi. Novemba 2024 Bloomberg waliripoti kwamba Sony wanaunda mashine ya mkononi itakayoweza kucheza gemu za PS5. Juni 2025 Microsoft na AMD walitangaza ushirikiano wa miaka kadhaa wa kuunda chipu za vizazi vijavyo, na mashine za mkononi zikatajwa humo. Septemba mwaka huohuo PS5 ikaongezewa hali ya kubana umeme kwa baadhi ya gemu. Sony walisema nia ni kulinda mazingira, na sina sababu ya kutowaamini. Hata hivyo, mashine iliyochomekwa ukutani inaweza kuishi bila hali hiyo. Ukiwaona watu wanawazoeza watengenezaji wa gemu kufanya kazi kwa wati chache, ujue wanaandaa kitu cha kubebwa.

Ombi langu ni hili: mnapogawa kila wati na kila GB, mkumbukeni mtu atakayeishika mashine hiyo akiwa mmiliki wa pili au wa tatu. Nintendo Switch 2 ilipozinduliwa tarehe 5 Juni 2025, bei yake Marekani ilikuwa dola 449.99, karibu shilingi 58,000 za Kenya kabla ya usafiri na ushuru. Wako Wakenya wanaoinunua kwa bei hiyo na zaidi, wala siwasemei hao. Mteja wangu ni kijana wa bodaboda, mwanafunzi wa chuo, mama aliyeletewa mashine na nduguye aliyeko Dubai au Minnesota. Inapomfikia, mashine ina miaka mitatu, minne, pengine minane. Chipu yake bado nzima na skrini huenda ina mikwaruzo tu. Vinavyomwangusha ni vitu viwili, betri na hifadhi, na hivyo ndivyo mnavyovifungia ndani mkiwa hamtaki mtu avifikie.

Nianze na umeme. Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, karibu saa nne usiku, gridi ya taifa ilianguka na sehemu kubwa ya Kenya ikaingia gizani, pamoja na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Ikaanguka tena tarehe 11 Novemba, kisha tarehe 10 Desemba. Mara tatu ndani ya miezi minne. Hizo ndizo zilizotangazwa. Kupotea kwa stima mtaani, kwa sababu ya transfoma moja au waya ulioangushwa na upepo, hakutangazwi popote. Na wala hatuko mbali na umeme: mtambo wa Thika Power wa megawati 87, unaochoma mafuta mazito, uko barabara hiihii ya Garissa, na ukiendelea nayo unakaribia mabwawa ya Mto Tana, ambako Kindaruma lilianza kuzalisha umeme mwaka 1968. Kuishi jirani na mtambo hakumpi mtu uhakika wa taa kuwaka saa mbili usiku.

Vibanda vya kuchezea PlayStation hapa hulipisha kwa mechi. Stima ikipotea mchezo ukiwa dakika ya 80, skrini inazima, wachezaji wanaanza kuulizana nani alikuwa mbele kwa mabao, na mwenye kibanda anadaiwa pesa ambayo hakuipoteza yeye. Mashine ya mkononi haina tatizo hilo. Ndiyo maana nasema, kwa dhati kabisa, kwamba mnachokiunda kinatufaa sisi kuliko mnavyodhani. Mnaifikiria kama mashine ya kuchezea kwenye treni na ndege. Hapa ingekuwa mashine kuu ya nyumba, ya mtu asiye na televisheni, ya mtu ambaye tokeni za umeme zimemwishia siku mbili kabla ya mshahara.

Sasa hesabu. Betri ya Switch 2 ni ya mAh 5,220, yaani takriban wati-saa 20, na Nintendo wenyewe wanasema hudumu kati ya saa 2 na saa 6 na nusu kulingana na gemu. Steam Deck ya kwanza, ya Februari 2022, ilikuwa na wati-saa 40. Ile ya skrini ya OLED iliyotoka Novemba 2023 ikapanda hadi 50. ROG Ally ya mwaka 2023 ilianza na 40, watu wakalalamika kwamba inakata mapema mno, na mwaka uliofuata ASUS wakatoa ROG Ally X yenye 80. Powerbank ya mAh 20,000, ambayo wateja wangu wengi wanayo, ina wati-saa 74 kwa maandishi, na ukitoa zinazopotea njiani labda 60 zinazofika. Hiyo inajaza Switch 2 mara tatu, Steam Deck ya kwanza mara moja na nusu, na ROG Ally X haiijazi. Kwa mtu anayechaji powerbank kwa sola mchana ili acheze usiku, mpangilio huo ndio unaohesabika.

Kwa hiyo vijana wanaponiuliza kama mashine ijayo itaifikia PS5, huwajibu kwamba haitaifikia, na kwamba haifai ijaribu. PS5 hula karibu wati 200 ikicheza gemu nzito. Mashine ya mkononi inaweza kuishi kwa wati 10 hadi 25 bila kuunguza viganja na bila feni kulia. Na maumbile ya chipu yenyewe yako upande wangu: kasi ikiongezwa, volteji nayo lazima iongezwe, na umeme unaoliwa hupanda kwa mraba wa volteji hiyo. Kipande kidogo cha mwisho cha kasi ndicho kinachomaliza betri. Ukikiacha, picha inapungua kidogo na muda wa kucheza unaongezeka sana. Halafu kuna hizi mbinu za kuchora picha ndogo kisha kuikuza kwa hesabu, DLSS ya Nvidia, FSR ya AMD, PSSR ya Sony. Kwenye skrini ya inchi saba au nane jicho halitambui kwa urahisi kilichokuzwa na kilichochorwa kizima. Zimefanya chipu ndogo itoshe. Msizitumie kama kisingizio cha kuongeza mzigo mwingine juu yake.

Kuna mpaka mwingine ambao vijana hawaujui. Mashirika ya ndege hayamruhusu abiria kubeba betri ya zaidi ya wati-saa 100 bila kibali, kwa hiyo hakuna mtu atakayeunda mashine ya mkononi inayovuka hapo. Uzito nao unabana kabla hamjaufikia mpaka huo. Makisio yangu, basi, ni wati-saa 50 hadi 60, chipu inayotulia kwenye wati 15, na RAM ya kati ya GB 16 na 24. Ningekuwa mimi ninayepanga, ningeishia hapo hata kama maabara inaniambia naweza kupanda.

Historia inawaunga mkono wanaochagua hivyo. Gunpei Yokoi alipounda Game Boy mwaka 1989, skrini za rangi zilikuwepo. Aliziacha. Alichukua skrini isiyo na rangi wala taa na chipu ya zamani ya bei nafuu, mashine ikadumu zaidi ya saa kumi kwa betri nne ndogo za kununuliwa dukani. Mwaka uliofuata Sega wakaleta Game Gear yenye rangi, iliyokula betri sita kwa saa chache tu. Game Boy na dada yake Game Boy Color ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Kupanga ni kuchagua, na Yokoi alichagua kumwezesha mtoto acheze safari nzima.

Nifike kwenye kilichonifanya nichukue kalamu, yaani betri yenyewe. Betri ya lithiamu huzeeka hata ukiitunza. Baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa inabaki na robo tatu, au sehemu nne kati ya tano, ya uwezo wa mwanzo, na ikiwa imekaa kwenye joto inazeeka mapema zaidi. Mashine inapomfikia mmiliki wa pili, saa sita zimekuwa nne na nusu. Kwa mmiliki wa tatu, betri imeanza kuvimba.

Niwaeleze inavyokuwa. Nyuma ya mashine kunakuwa na kitumbo, skrini inainuka upande mmoja, kitufe kinakwama. Ndani nakuta betri imelazwa kwenye gundi chini ya waya bapa na vyuma viwili vitatu vya kupitisha joto. Nadondosha spiriti pembeni, nasubiri iingie chini, kisha nasukuma kadi ya plastiki iliyokatwa ncha polepole, milimita kwa milimita, dirisha likiwa wazi na ndoo ya mchanga miguuni. Kisu hakigusi hapo. Betri iliyovimba ikitobolewa huwaka, na moto wake hauzimwi kwa kikombe cha maji. Kazi ya kubadilisha betri ingepaswa kuwa ya dakika tano na ya kufanywa na mwenye mashine. Kwenye mashine zenu nyingi za sasa inachukua saa nzima, na baadhi ya wateja nawarudishia mashine zao bila kuzigusa kwa sababu sioni njia ya kuitoa betri bila kuhatarisha kibanda cha jirani.

Na mliwahi kuijua njia bora. PSP ya Sony, iliyotoka Japani Desemba 2004, ilikuwa na kifuniko nyuma. Ulikifungua kwa kidole, ukatoa betri, ukaweka nyingine. Nintendo DS ya mwaka huohuo ilikuwa na kifuniko cha skrubu. Watu walitembea na betri ya akiba mfukoni. Baadaye mkaamua wembamba ni bora, na Switch 2 ilipofunguliwa na mafundi wa iFixit ilipata alama 3 kati ya 10, betri ikiwa imeshikwa kwa gundi kali.

Sasa Ulaya imewaamulia. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu betri inataka kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Mashine mnayoichora leo itauzwa chini ya sheria hiyo, mpende msipende. Hofu yangu ni kwamba mtaunda toleo la Ulaya lenye betri inayotoka, na toleo la dunia iliyobaki lenye gundi. Tafadhali msifanye hivyo. Mashine za mtumba zinazofika Thika hazitoki Ulaya pekee. Nyingi hutoka Ghuba na Marekani, ambako sheria hiyo haifiki.

Hifadhi ina maneno mengi zaidi, kwa sababu hapo mnatufungia nje kwa njia kadhaa, na nyingine sidhani hata mnaziona.

Switch ya mwaka 2017 ilikuja na GB 32. Iliokolewa na kitu kimoja: ilipokea kadi ya kawaida ya microSD, ile ile ya simu. Switch 2 ina GB 256, nafasi nzuri, lakini ili kuongezea gemu inataka microSD Express pekee. Naielewa sababu. Gemu za sasa zinasoma data kwa kasi ambayo kadi ya zamani haiwezi. Lakini kadi hizo ni ghali hata huko kwenu, na pengo hilo huku linajazwa na matapeli.

Kijana aliniletea kadi iliyoandikwa 1TB, aliyouziwa mjini kwa bei ambayo hata GB 128 halisi haiuzwi. Kompyuta iliiona kuwa ni 1TB, kwa sababu kidhibiti chake kilikuwa kimepangwa kudanganya. Nikaanza kuijaza kwa mafaili ya majaribio moja baada ya jingine huku tukitazama. Ilipokea hadi GB 29 na ushei, kisha ikaendelea kusema inapokea, kumbe inaandika juu ya yale ya kwanza. Gemu zake za mwezi mzima zilikuwa zimefutana zenyewe. Mashine ikiweza kuipima kadi mara inapochomekwa, na kumwambia mwenyewe kwa lugha nyepesi kwamba kadi hii ni ya uongo, mtawaokoa watu wengi. Ni programu ndogo. Mafundi wamekuwa wakizitumia za namna hiyo kwa miaka.

Jambo moja nawasihi wakuu wa Sony: msirudie ya PS Vita. Mwaka 2012 mashine hiyo, yenye skrini nzuri ajabu kwa wakati wake, ilikubali kadi zenu wenyewe tu, na ya GB 32 iliuzwa Marekani kwa dola 99.99. Ilikoma kutengenezwa mwaka 2019 na huku kwetu karibu hakuna aliyewahi kuishika.

PSP, iliyoitangulia, ina habari tofauti kabisa, nayo ningependa mje muione kwa macho. Uuzaji wake uliisha mwaka 2014. Lakini tangu mwaka 2012, Msweden Henrik Rydgård alipotoa programu ya PPSSPP inayoiga PSP, imehamia kwenye simu, na leo ukipita Landless jioni utawakuta vijana wenye Tecno na Infinix wakicheza gemu zake za mpira. Mashabiki wamezibadilisha wachezaji, jezi na ligi kila msimu ili ziendane na wakati. Najua haki za waundaji hazizingatiwi katika kusambaza gemu hizo, na sizitetei njia zake. Naomba tu muangalie ni kwa nini zimedumu. Diski ya PSP ilibeba GB 1.8. Gemu nzima hupita kutoka simu moja hadi nyingine ndani ya dakika chache bila bandoli ya intaneti. Haiulizi akaunti, haiombi sasisho, haihitaji seva yoyote iwe hai. Hakuna mashine ya Sony iliyotoka baadaye yenye maisha marefu namna hiyo mtaani kwetu.

Linganisheni na kadi za ufunguo za Switch 2. Ni kadi ya plastiki inayouzwa dukani kama gemu, lakini gemu haimo. Ndani kuna ruhusa ya kuipakua, na bado lazima kadi iwe imechomekwa ili ucheze. Street Fighter 6 iliuzwa hivyo. Chukueni gemu ya GB 60. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde isiyokatika, hiyo ni saa 13 na dakika 20. Kwa bandoli za simu, hata kama mtu angepata GB moja kwa shilingi 50, ni shilingi 3,000 juu ya bei aliyokwisha kulipa. Na akiiuza gemu, aliyeinunua anazilipa upya. Akifuta ili apate nafasi, analipa tena.

Hasara kubwa iko mbele zaidi. Nintendo walifunga ununuzi kwenye duka la 3DS na Wii U tarehe 27 Machi 2023. Sony walitangaza mwaka 2021 kufunga duka la PS3 na Vita, wakarudi nyuma baada ya wachezaji kulalamika, ingawa duka la PSP lilifungwa Julai mwaka huo. Kupakua tulichokwisha kununua bado kunaruhusiwa kwa sasa, na nashukuru. Lakini hakuna seva ya milele. Siku itakapozimwa, kadi yenye gemu ndani itaendelea kucheza, na kadi ya ufunguo itakuwa plastiki. Kwa mmiliki wa kwanza siku hiyo iko mbali, ameshahamia mashine nyingine. Kwa mmiliki wa tatu aliyeko Landless ni mwaka wake wa kwanza na mashine.

Mtanijibu kwamba kadi ni polepole. Watengenezaji wa Star Wars Outlaws walisema hivyo kwa uwazi mwaka 2025: mtambo wa gemu yao ulihitaji kasi ya kusoma ambayo kadi ya Switch 2 haikuwapa. Naikubali hoja. Lakini jibu lake mnalo nyumbani. Diski ya PS5 nayo ni polepole, na hakuna anayecheza moja kwa moja kutoka kwenye diski. Gemu hunakiliwa kwenye hifadhi ya ndani, kisha huchezwa kutoka huko. Fanyeni vivyo hivyo na kadi. Mtu achomeke, asubiri kidogo, acheze, bila kugusa intaneti. CD Projekt walionyesha kwamba inawezekana kuibeba gemu kubwa hivyo, walipoiweka Cyberpunk 2077 nzima kwenye kadi ya GB 64.

Ugumu wa kweli ni bei, nami siupuuzi. Kuanzia mwishoni mwa 2025 chipu za memori zimepanda bei kwa kasi kwa sababu vituo vya data vya akili unde vinazinunua kwa wingi. Desemba hiyo Micron walitangaza kuachana na Crucial, chapa yao ya kuuzia watu wa kawaida. Katika hali hiyo najua kuna mtu kwenye mkutano wenu anasema: tupunguze GB za ndani, tuache kadi, gemu ziletwe kwa mtandao. PlayStation Portal ya Novemba 2023 ilikwenda njia hiyo, haina pa kuhifadhi gemu kabisa na bila Wi-Fi nzuri haichezi chochote. Inawafaa wenye intaneti imara nyumbani. Msiifanye iwe ndiyo mashine pekee. Afadhali GB 512 badala ya terabaiti, mradi ziwe kwenye kipande kinachochomoka kama Valve walivyofanya kwenye Steam Deck, ili nami niweze kumwongezea mtu nafasi miaka mitano baadaye bei zikishashuka.

Na duka. Mtandao wa PlayStation haujafunguliwa rasmi kwa Kenya, na duka la Nintendo la mtandaoni vilevile. Mei 2024, wakati gemu ya Helldivers 2 ilipotakiwa kuunganishwa na akaunti ya PlayStation, iliondolewa kwenye Steam, duka la Valve la mtandaoni, katika zaidi ya nchi 170 ambazo hazina huduma hiyo. Wakenya wanaocheza hujaza anwani za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, na kuishi na wasiwasi kwamba akaunti itafungwa. Wanaoumia ni pamoja na watengenezaji wa huku. Mkenya Wesley Kirinya na Mghana Eyram Tawia walianzisha kampuni ya gemu ya Leti Arts mwaka 2009, na baada yao wamekuja wengine Nairobi. Kijana wa Thika akiunda gemu leo ataipeleka kwenye simu, kwa sababu kwenye mashine zenu jirani yake hawezi hata kuinunua kwa jina la nchi yake. Lango la malipo la M-Pesa na jina Kenya kwenye orodha havihitaji chipu mpya.

Sitarajii mpunguze bei kwa ajili yetu. Tumezoea kungoja mashine ishuke, na tuko tayari kungoja. Tunachoomba ni kwamba itakapotufikia iwe bado ni mashine.

Kabla ya tarehe 18 Februari 2027, tamkeni hadharani kwamba toleo lenye betri inayotolewa ndilo mtakalouza duniani kote, na muuze betri hizo kando kwa angalau miaka kumi. Andikeni kwenye boksi la kila gemu, kwa herufi kubwa, kama gemu nzima imo kwenye kadi au haimo. Na mkiwa na mashine ya majaribio ambayo mngependa kuona inavyofanya kwa sola, powerbank na intaneti ya kukatika, ileteni Landless tuijaribu pamoja nanyi. Nitaifungua kwa uangalifu.

Wenu,

Fundi wa simu na mashine za gemu,
Landless, Thika.